Juan Belmonte na Mafahali Aliowabadilisha



Wafugaji wa mafahali wa Uhispania wana sharti moja wasilolifanyia mzaha. Fahali aliyekusudiwa kwenda uwanjani asiwahi kumwona mtu aliyesimama kwa miguu yake akiwa na kitambaa mkononi. Wanaomchunga wamepanda farasi, wanaomhamisha malisho wamepanda farasi, na miaka minne au mitano inapita hivyo katika mbuga za mialoni, mpaka siku anapofunguliwa mlango wa chumba chenye giza na kutokea kwenye mchanga unaowaka jua. Sababu ni kwamba fahali hujifunza. Mwanzoni anaipiga pembe nguo, kwa kuwa nguo ndiyo inayotikisika. Baada ya robo saa hivi anaanza kushuku kwamba kando ya nguo ile kuna kitu kingine, na kitu hicho kina nyama. Akirudishwa uwanjani siku ya pili hashughuliki tena na nguo, anamtafuta mtu. Kwa hiyo sanaa nzima, kama ni sanaa, imejengwa juu ya ujinga wa mnyama usiodumu zaidi ya dakika kama ishirini, na anayekwenda kumchezea fahali wa mwenzake malishoni usiku anamharibia mali kuliko mwizi.

Juan Belmonte, ambaye jioni hii nimeombwa kuzungumza habari zake, aliisomea kazi yake kwa uharibifu huo.

Alizaliwa Sevilla tarehe 14 Aprili 1892, katika mtaa wa Feria, akakulia Triana, upande wa pili wa mto Guadalquivir. Triana ya siku zile ilikuwa ya wafinyanzi, mabaharia, wahunzi na Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania. Baba yake alikuwa mchuuzi wa vikorokoro vya chuma na bidhaa ndogondogo; mama yake alifariki Juan akiwa bado mtoto. Shule aliiacha mapema sana, akawa wa vijiweni. Huko alijiunga na kundi la vijana ambao walikuwa na ndoto ile ile ya kila kijana maskini wa Andalucía, lakini hawakuwa na subira ya kuifuata kwa njia inayokubalika, ile ya kumbembeleza mwenye mifugo, kubeba mizigo ya matadori fulani, na kungoja miaka. Wao usiku wa mbalamwezi waliogelea kuvuka mto mpaka malisho ya Tablada, nguo zao wameziacha ukingoni, wakamtenga fahali mmoja na kundi, wakamchezea kwa koti moja walilopokezana, wakiwa uchi. Walinzi wakija, wanatimua mbio na kujitupa tena majini.

Mazingira yale yalikuwa mwalimu wa ajabu. Uwanjani kuna ubao wa kujificha nyuma yake, kuna wasaidizi wa kumvuta fahali pembeni, kuna daktari. Tablada hakukuwa na chochote. Tena palikuwa wazi kila upande: fahali akisogea hatua kumi anamezwa na giza, na fahali usiyemwona ndiye anayekuua. Ilibidi kumweka karibu, pembe zikipita kwenye mbavu, na kumrudisha upesi kabla hajatoweka. Belmonte mwenyewe alipokuja kuulizwa alikotoa mtindo wake, alizitaja nyusiku zile. Wengi hupenda zaidi maelezo mengine, kwamba alikuwa na miguu mibovu, hawezi kukimbia, basi akasimama. Miguu yake ilikuwa dhaifu kweli, na alikuwa mtu wa kuumwaumwa, mfupi, mwenye taya lililochomoza mbele na kigugumizi. Lakini wenye miguu mibovu ni wengi, na waliobadili kazi iliyokuwa na zaidi ya miaka mia na hamsini ya mazoea hawafiki hata vidole vya mkono mmoja. Mimi nashikilia giza la Tablada.

Kwa wale ambao hawajapata kuona, nieleze haraka kinachofanyika. Mafahali ni sita, matadori watatu, kila mmoja anapewa wawili. Kila fahali anapitia sehemu tatu. Kwanza anajaribiwa kwa kapote, ile shuka pana ya waridi na njano, halafu wapanda farasi wanamchoma mkuki kwenye nundu ya shingo ili nguvu zipungue na kichwa kishuke. Pili, wasaidizi wanampachika vijiti vya rangirangi vyenye ncha za chuma. Tatu, matadori anabaki naye akiwa na upanga na muleta, kitambaa chekundu kilichotundikwa kwenye fimbo fupi. Wekundu ule ni wa macho yetu sisi watazamaji. Fahali hajali rangi, anafuata kinachosogea.

Katika karne ya 19 sehemu iliyowajaza watu viwanjani ilikuwa ile ya kwanza, ya farasi na mikuki. Fahali alihesabiwa shujaa kwa mara alizorudi kuushambulia mkuki, na kwa farasi aliowatoa matumbo. Farasi hawakuvishwa kinga yoyote. Kila alasiri walikufa kadhaa, wazee na wagonjwa walionunuliwa kwa bei ya kutupa. Muleta ilikuja mwishoni, kazi yake kumweka fahali sawa ili auawe vizuri. Na aliyeishika alitegemea miguu. Kuna usemi unaonasibishwa na Lagartijo, matadori mkubwa wa Córdoba, kwamba hapo ulipo ama uondoke wewe mwenyewe au fahali akuondoe. Mafundi walikuwa wameigawa ardhi ya uwanja kabisa: hapa pa fahali, hapa pa mtu, na mwenye akili haingii pasipo pake.

Belmonte aliingia. Alisimama pale ambapo fahali alipaswa kuwa amesimama, mgongo umenyooka, miguu imetulia, akafanya kwa mikono yale ambayo wenzake walikuwa wakiyafanya kwa miguu. Mkono ulikwenda polepole, na hili ndilo lililowachanganya watu, kwa sababu fahali naye alionekana kwenda polepole. Siyo kwamba alipunguza mwendo kwa hiari. Kitambaa kilikuwa kinakaa mbele ya pembe kwa umbali ule ule, hakipatikani wala hakipotei, na mnyama akaambatana nacho kama aliyefungwa. Wahispania walikuja kuligawa fundisho hilo katika vitenzi vitatu: kusimama, kulinganisha mwendo, kuamuru. Leo kijana yeyote anayeanza kazi anafundishwa hayo siku ya kwanza. Mwaka 1912 yalionekana wazimu. Guerrita, bingwa mstaafu aliyekuwa na mamlaka ya papa katika mambo haya, inasimuliwa kwamba aliwashauri watu wanaotaka kumwona Belmonte wafanye haraka.

Njia ya kufika hapo haikuwa nyoofu. Mtu wa kwanza kumwamini alikuwa Calderón, msaidizi wa uwanjani aliyezeeka kwenye kazi, ambaye alizunguka mikahawani akimsimulia kijana wa Triana kwa watu waliomcheka. Vazi la matadori Belmonte alilivaa kwa mara ya kwanza Elvas, Ureno, mwaka 1909. Alipopata nafasi Sevilla, kwao, mambo yalimwendea vibaya, akarudi kuwa kibarua wa kuchimba udongo kwenye mfereji mpya wa mto, pale pale Tablada. Kisha ukaja mwaka 1912, kwanza Valencia, halafu Sevilla, na safari hii watu walimbeba mabegani kuvuka daraja mpaka Triana. Mwaka 1913, mjini Madrid, matadori Machaquito alimkabidhi upanga na muleta, ndiyo sherehe ya kumfanya matadori kamili, na Rafael El Gallo akiwa shahidi.

Huyo Rafael alikuwa na mdogo wake. Na hapa, mabibi na mabwana, ndipo kisa cha Belmonte kinapoacha kuwa cha mtu mmoja.

José Gómez Ortega, ambaye Uhispania yote ilimwita Joselito, alizaliwa Gelves, kando ya Sevilla, mwaka 1895. Baba yake alikuwa matadori, kaka zake walikuwa kazini humo humo, na mama yake Mgitano wa ukoo wa wacheza dansi. Alikuwa na kila kitu ambacho Belmonte hakuwa nacho: kimo, afya, kasi, malezi ya kazi tangu utotoni. Alifanywa matadori kamili mwaka 1912 akiwa na umri wa miaka 17. Hakuna fahali aliyemshinda kumwelewa. Alipoingia mnyama uwanjani, Joselito alikwisha kumsoma kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Watu walisema kumpata yule mtoto fahali angelazimika kumtupia pembe kwa mbali. Kuanzia 1914 hadi 1920 nchi iligawanyika pande mbili, nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, kama Simba na Yanga, na hakukuwa na nafasi ya mtu wa katikati. Upande mmoja ulimshabikia mwenye ujuzi wote. Wa pili ulimshabikia yule ambaye kila alasiri ulidhani unamwona kwa mara ya mwisho.

Wahenga wetu wamesema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa. Walisafiri pamoja kwa treni kutoka mji hadi mji, wakazoeana, wakawa marafiki wa kweli huku mashabiki wao wakitoana meno. Zaidi ya urafiki, waliibiana. Belmonte alijifunza kwa Joselito kuelewa fahali wa kila aina, siyo wale waliomfaa tu. Joselito, ambaye angeweza kuendelea na mtindo wa mababu mpaka uzee, alianza kusimama karibu zaidi, miguu ikatulia zaidi, kwa sababu watazamaji hawakuridhika tena na mtu anayeepa vizuri. Kila mmoja alimsukuma mwenzake mahali ambapo peke yake asingekwenda. Mwaka 1918 Belmonte hakuonekana viwanja vya Uhispania. Alikuwa amekwenda Lima, Peru, akamwoa Julia Cossío, na ndoa yenyewe ilifungwa kwa wakala kwa kuwa hakupenda shamrashamra. Aliporudi, msimu wa 1919, alicheza mara 109. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 1965, ilipovunjwa na matadori El Cordobés.

Ninawaomba mzitafakari hesabu hizo kidogo. Mara 109 kati ya Machi na Oktoba, mafahali zaidi ya 200, usafiri wa treni za makaa ya mawe usiku kucha, na mtu mwenyewe ni yule dhaifu ambaye mabingwa walimpimia kaburi.

Tarehe 15 Mei 1920 Joselito na Belmonte walicheza pamoja Madrid. Watazamaji walikuwa wakali siku ile. Tiketi zilikuwa zimepanda bei, watu walikuwa wamechoka na ufalme wa wawili wale, wakawazomea na kuwatupia mito ya kukalia. Kesho yake Joselito alikwenda Talavera de la Reina, mji mdogo, uwanja mdogo. Fahali aliyeitwa Bailaor alimchoma tumboni. Alikuwa na miaka 25. Sevilla, kanisani mwa Macarena, sanamu ya Bikira ilivishwa nguo nyeusi za msiba, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kufanyiwa mchezaji wa fahali, na baadhi ya wakubwa wa mji walikasirika sana.

Belmonte akabaki, na ukweli ni kwamba aliyebaki alikuwa nusu. Alistaafu 1922, akarudi, akastaafu 1927, akarudi tena 1934, na kufikia 1936 akawa amemaliza. Lakini umaarufu wake ulikuwa umeshavuka mipaka: Januari 1925 jarida la Time la Marekani liliweka sura yake kwenye jalada. Mwandishi Hemingway alimtia katika riwaya yake ya 1926 kama mchezaji aliyerudi kazini akiwa mgonjwa, anazomewa Pamplona na watu waliolipa kuona Belmonte wa hadithi na wakamkuta Belmonte wa damu. Naona hicho ni kipande cha haki kuliko vingi alivyoandika Hemingway kuhusu mafahali, pengine kwa sababu hakuwa na nia ya kumsifu mtu.

Waandishi wa Uhispania walikuwa wamemwahi zamani. Mwaka 1913, kabla ya Ulaya nzima kumsikia, Valle-Inclán, Pérez de Ayala, mchoraji Romero de Torres na wenzao walimwandalia karamu Madrid, wakitangaza kwamba kazi yake haipungukiwi hadhi na kazi ya wenye kalamu na brashi. Kijana wa vijiweni akajikuta mezani na wanaosoma Kifaransa. Hakujidai. Alisikiliza, akaanza kununua vitabu, na baadaye katika safari zake sanduku la vitabu likawa halikosekani kwenye mizigo. Akakata pia kile kisuko cha nywele kisogoni ambacho kila matadori alikifuga kama alama ya kazi. Akavaa cha bandia uwanjani, na wengine wote wakamfuata.

Kuna mazungumzo maarufu ya meza ile. Valle-Inclán, mwenye ndevu ndefu na mkono mmoja, alimwambia kwamba sasa amebakiza jambo moja tu ili awe mkamilifu, nalo ni kufa uwanjani. Belmonte akajibu kwa adabu, kwa kigugumizi chake, kwamba atajitahidi kadiri atakavyoweza. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi hakinichekeshi sana. Mwandishi, tumbo limeshiba, anamwomba kijana wa miaka 21 amalizie shairi lake kwa mwili wake mwenyewe. Na tofauti yake na wale waliotupa mito Madrid siku moja kabla ya Talavera ni ya lugha tu. Wote walikuwa wamegundua kwamba mchezo mpya, wa kusimama, unakaribisha kifo kuliko ule wa zamani, na wote walikuwa wamekwisha kuzoea utamu wake.

Mengi tunayoyajua kuhusu utoto wa Belmonte yametoka kwa mtu mmoja, Manuel Chaves Nogales, mwandishi wa habari wa Sevilla ambaye hakuwa shabiki wa mafahali hata kidogo. Alikaa na Belmonte, akamsikiliza, akachapisha mfululizo jaridani na kisha kitabu mwaka 1935, akiandika kana kwamba Belmonte mwenyewe anasema. Ni kitabu kizuri mno, na uzuri huo ni hatari. Sauti tunayoisikia ya matadori mwenye kejeli, anayejicheka, asiyeamini ushujaa wake, imepita kwenye kalamu ya fundi. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Chaves alikimbilia Ufaransa, kisha Uingereza, akafia London mwaka 1944. Nchini kwake kitabu cha Belmonte kilidumu kuliko jina la mwandishi wake kwa miaka mingi.

Belmonte aliishi. Yule aliyetabiriwa kufa kwanza alizeeka kwenye shamba lake, Gómez Cardeña, karibu na Utrera, akifuga mafahali na kupanda farasi hata madaktari walipomwonya juu ya moyo wake. Tarehe 8 Aprili 1962, siku sita kabla ya kutimiza miaka 70, alijitoa uhai huko shambani. Yamezuliwa mengi kuhusu siku ile, ya mapenzi, ya farasi, ya fahali wa mwisho, na ya kauli aliyoitoa aliposikia mwaka uliotangulia kwamba Hemingway amefanya vivyo hivyo. Sitayarudia, kwa sababu yananuka hamu ile ile ya Valle-Inclán ya kuona hadithi inafungwa vizuri. Alizikwa makaburi ya San Fernando, Sevilla, si mbali na kaburi la Joselito lenye sanamu kubwa iliyochongwa na Benlliure.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Belmonte husifiwa kwamba alibadilisha namna ya kupigana na fahali. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu nyepesi. Alibadilisha fahali.

Mnafahamu, maana wengi wenu mmetoka kwenye nyumba za wafugaji, kwamba ng'ombe ni kile ambacho mwenye zizi amekitaka kwa vizazi kadhaa. Mfugaji wa Uhispania huwajaribu mitamba wakiwa na miaka kama miwili, katika uwanja mdogo wa shambani. Mtamba anachomwa kwa mkuki mfupi na kutazamwa: je, anarudi, au anakimbia maumivu? Anaifuata nguo kwa kichwa kilichoinama au anarusha pembe juu? Anayefaa anaachwa azae. Asiyefaa anakwenda buchani. Wanaamini ujasiri wa fahali unatoka kwa mama, kwa hiyo hukumu ya kweli ya mchezo huu hutolewa huko, mbele ya watu wachache, miaka mingi kabla ya watazamaji kununua tiketi.

Kabla ya Belmonte alichokitafuta mfugaji ni nguvu ya kupambana na farasi. Baada yake watazamaji walitaka kuona muleta, muda mrefu, karibu, polepole, na si kila fahali anaweza kuchezwa hivyo. Fahali mkorofi anayekata kona na kumtazama mtu anamfanya matadori wa mtindo mpya aonekane mwoga au maiti. Basi wafugaji wakaanza kuchagua wale wanaoshambulia mstari ulionyooka, wanaorudia bila kuchoka, wanaoinamisha pua kwenye mchanga. Joselito, aliyekuwa na usemi mkubwa kwenye mashamba, aliwashawishi wengi waelekee huko. Mwaka 1928 serikali ya Primo de Rivera ikaamuru farasi wafunikwe kwa kinga nene kama godoro, na ile sehemu ya kwanza ikapoteza mahali pake pa zamani. Mwaka 1930 familia ya Domecq ilinunua kundi la kale la Veragua, ikaingiza damu mpya kutoka shamba la Conde de la Corte, na leo sehemu kubwa ya mafahali wa viwanja vya Uhispania wana asili huko. Wapo waliokataa. Miura, shamba la Sevilla lenye jina la kutisha, liliendelea kutoa mafahali warefu, wenye akili na nia mbaya. Fahali wao, Islero, ndiye aliyemuua matadori Manolete mjini Linares Agosti 1947, na Manolete alikuwa mtu aliyefikisha utulivu wa Belmonte mwisho wake kabisa: miguu pamoja, macho yakitazama mbali, fahali akipita kama jambo lisilomhusu.

Fedha zilipoongezeka, uchaguzi wa mfugaji haukutosha tena. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, makundi mengi yakiwa yamechinjwa kwa njaa, waliingizwa uwanjani wanyama wadogo, na ikaenea tabia ya kuwakata pembe ncha kwa msumeno kisha kuzisugua zionekane nzima. Fahali aliyekatwa hivyo anapoteza kipimo. Anarusha pembe na kukosa kwa upana wa vidole viwili. Antonio Bienvenida, mwenyewe matadori, alilitangaza hadharani jambo hilo mwaka 1952 na wenzake wakamnunia. Kwangu mimi ukataji huo wa pembe ndio ulioonyesha deni la mtindo wa Belmonte. Yeye alisimama mbele ya fahali ambao hawakuwa wameumbwa kwa ajili yake. Waliomrithi walirithi pozi lake pamoja na fahali aliyetengenezwa ili pozi lile liwezekane.

Mtaniuliza habari za leo. Visiwa vya Canarias viliupiga marufuku mchezo huu mwaka 1991. Bunge la Catalonia lilipiga marufuku mwaka 2010, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaitengua sheria hiyo, kwani tangu 2013 sheria ya taifa ilikuwa imeutangaza mchezo huu kuwa urithi wa utamaduni. Ureno jirani kwa kawaida hawamuui fahali mbele ya watazamaji, ingawa huchinjwa baadaye mahali pasipo na tiketi. Na sisi tuna Pemba, ambako wazee husimulia kwamba mchezo wa ng'ombe ni masalio ya Wareno. Ng'ombe anachokozwa kwa kitambaa na nyimbo, vijana wanaonyesha umahiri, kina mama wanaimba, na jioni mnyama anarudi kwa mwenyewe. Nimesikia msomi mmoja akiuita huo mchezo usiokamilika. Huyo angekaa vizuri meza moja na Valle-Inclán.

Watetezi wana hoja moja nzito. Bila uwanja, wanasema, hakuna atakayefuga mnyama asiyekamwa, asiyelima, anayekula miaka mitano na kuua farasi. Ukoo wake utatoweka, na mbuga za mialoni anazozilinda zitalimwa. Ni kweli kwa sehemu. Ila wanasahau kutuambia kwamba ukoo wanaoulilia ni mchanga, umeundwa kwa ladha ya watazamaji wa karne moja iliyopita, na kwamba wao wenyewe, ladha ilipobadilika, waliwapeleka buchani bila kulia wale wa kabla yake.

Belmonte nitamwita msanii bila kusita, na kama ningekuwa na kura Uhispania ningeitoa kuupiga marufuku mchezo huu. Naona mikono imeshaanza kuinuliwa, na mwenyekiti ananitazama. Anayetaka kunipinga aanze na farasi wale wa kabla ya 1928, maana hata wakati ule walikuwapo wazee wa kazi walioapa kwamba farasi wakifunikwa mchezo umekwisha, na viwanja vikaendelea kujaa.